Miguu Ikiganda: Parkinson, Akili na Mwendo Mkoani Songwe

Mji wa Tunduma haumsubiri mtu. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yamepanga foleni kutoka mpakani kurudi nyuma kuelekea Mpemba, bodaboda zinapenya katikati yake, wabadilisha fedha wanaita wateja, wenye matoroli ya mizigo wanapaza sauti watu wakae pembeni, na anayetaka kuvuka barabara ya TANZAM hupata upenyo wa sekunde chache. Mwenye miguu mizima hata hafikirii. Anauona upenyo, anapita. Mwenye ugonjwa wa Parkinson anauona upenyo huo huo, anaamua kupita, na miguu inakataa. Haiumi wala haijapooza. Imeganda, kana kwamba nyayo zimegundishwa kwenye lami, huku kiwiliwili kikizidi kuinama mbele. Na kadiri honi zinavyozidi, ndivyo miguu inavyozidi kuganda.

Sasa mchoree mtu huyo mstari wa chaki mbele ya vidole vya mguu, au mwekee kijiti chini. Mara nyingi atainua mguu na kukivuka. Hatua ya pili itafuata, na ya tatu. Waliosimama kando wanatazamana. Dakika moja iliyopita alishindwa kupita penye sakafu tupu, iweje sasa aruke kijiti? Hapo ndipo maneno huanza: anajifanya, anadeka, anataka kuhurumiwa. Wengine wanashusha sauti na kusema mzee kachezewa. Maneno hayo si ya kweli, nayo yanaumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Kilicho kati ya sakafu tupu na ule mstari wa chaki ndicho ninachotaka kukichambua hapa, kwa kuwa humo mna msaada ambao familia ya Vwawa, Itumba au Kamsamba inaweza kuanza kuutumia leo jioni bila kusubiri bajeti ya mtu.

Daktari wa London, James Parkinson, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817 katika kijitabu kilichohusu wagonjwa 6, baadhi yao akiwa amewaona tu mitaani. Leo tunajua kwamba ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, na kwamba katika Parkinson seli hizo hufa polepole kwa miaka mingi. Dalili za mwendo zinapojitokeza, sehemu kubwa ya seli hizo imekwisha kupotea. Mkono hutetemeka ukiwa umetulia, viungo hukakamaa, hatua hufupika, sauti hupungua, mwandiko huwa mdogo. Eneo linaloathirika zaidi ndilo linaloendesha mambo ambayo mwili umeyazoea kiasi kwamba hatuyafikirii tena: kutembea, kugeuka kitandani, kufunga vifungo vya shati. Kwa hiyo kinachoharibika mapema ni ule uwezo wa mwili kujiendesha wenyewe. Misuli bado ipo, nia ipo, na njia ya pili ya kuifikisha nia kwenye misuli ipo pia.

Watu wa Songwe wanaijua habari ya njia mbili. Lori likipinduka na kuziba barabara kuu, magari madogo huchepuka kwenye njia ya vumbi. Safari inaendelea, ila dereva hawezi tena kuendesha huku akipiga soga. Lazima akaze macho kwenye kila shimo. Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa wa Parkinson. Barabara kuu ya mazoea imezibwa, lakini njia ya mchepuko, ile ya kutenda kwa kukusudia na kwa kuongozwa na kitu kinachoonekana au kusikika, mara nyingi bado inapitika. Mwaka 1921 daktari wa Ufaransa, Achille Souques, aliandika kuhusu jambo hili la ajabu, la mtu aliyeganda kuweza ghafla kutembea, na wenzake waliomfuata wakaanza kuchora mistari sakafuni. Katika miaka ya 1990 Meg Morris na Robert Iansek wa Melbourne, Australia, walipima hatua za wagonjwa na kukuta kwamba wengi waliweza kurudia hatua ndefu za kawaida ama kwa kufuata mistari, ama kwa kuelekeza mawazo yao yote kwenye urefu wa hatua. Wakisahau tu, hatua zinafupika tena.

Neno saikolojia linatutisha kidogo. Tukilisikia tunafikiri habari za wendawazimu, au za ushauri nasaha kwa aliyefiwa. Hapa lina maana nyepesi zaidi: umakini, mazoea, hofu na matarajio. Vitu hivyo vinne vinaamua mguu uinuke au usiinuke, pengine kuliko tunavyodhani.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi hautoki Ulaya. Unatoka wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Watafiti wa Tanzania, wakishirikiana na Catherine Dotchin na Richard Walker kutoka Uingereza, walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu 161,071 na kukuta watu 33 wenye Parkinson. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Karibu wanane katika kila kumi walikuwa hawajawahi kuambiwa hospitalini kwamba wanaugua ugonjwa huo. Walikuwa wakiishi nao kama uzee, kama mkosi, au kama kitu kisicho na jina. Mtafiti Gerry Mshana na wenzake walipokaa na wagonjwa hao na wanaowauguza, walichapisha mwaka 2011 walichosikia: watu waliuita ugonjwa wa kutetemeka, wengi hawakujua kwamba una dawa, na safari ya kutafuta nafuu ilipita hospitalini, kwa waganga wa jadi na kwenye maombi, mara nyingi bila kufika popote.

Kutokuwa na dawa kulikuwa balaa kwa wagonjwa wale, lakini kulifungua mlango ambao Ulaya haukuwepo. Kule, karibu kila mgonjwa anayefanyiwa utafiti wa mwendo tayari anameza levodopa, dawa inayoupa ubongo malighafi ya kutengenezea dopamini. Akitembea vizuri baada ya mazoezi, ni vigumu kutenganisha kazi ya dawa na kazi ya mazoezi. Hai palikuwa na watu ambao hawajawahi kuonja dawa. Lynn Rochester, mtaalamu wa mwendo kutoka Newcastle, pamoja na wenzake wa Tanzania, waliwafundisha takriban watu 20 kati yao kutembea kwa kufuata mdundo kwa muda wa wiki 3, katika vipindi vya nusu saa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: mwendo uliboreka. Uliboreka walipotembea bila kufanya kitu kingine, na pia walipotembea huku wakifanya jambo la pili. Watu hao hawakuwa na dawa hata chembe. Wengi wao walikuwa wazee wa vijijini, wenye miaka 70 na zaidi.

Binafsi naona utafiti ule mdogo una uzito zaidi kwa Tanzania kuliko tafiti nyingi kubwa zilizofuata. Unatuambia kwamba njia ya mchepuko inapitika hata pale ambapo barabara kuu haijafanyiwa matengenezo yoyote. Si sababu ya kumnyima mtu dawa. Ni sababu ya kutomwacha akae kwenye kiti miaka mitatu akisubiri dawa ifike.

Tupige hesabu ya juu juu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.3 mkoani Songwe. Kwa kiwango kilichokutwa Hai, yaani watu 20 katika kila 100,000, mkoa huu ungekuwa na wagonjwa wapatao 260. Ni makadirio tu, lakini yanatosha kutuonyesha kwamba kila tarafa ina mtu wake. Mkoa ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na hospitali yake ya rufaa iko Vwawa. Ukitaka ya kanda, ni Mbeya, kilomita 100 na ushee kutoka Tunduma. Na anayetoka bonde la Momba au milima ya Ileje ana safari yake nyingine kabla hata hajaifikia lami. Kwa mtu asiyeweza kupanda daladala bila kubebwa, umbali huo ni ukuta.

Basi tuingie ndani ya nyumba moja. Tuiweke Mlowo, nyumba ya kufikirika lakini ya kawaida kabisa: vyumba vitatu, sakafu ya saruji, kahawa inaanikwa nyuma, choo kiko uani hatua ishirini kutoka mlangoni. Mzee anaganda mahali pawili kila siku. Kwanza ni kwenye fremu ya mlango wa chumba chake. Pili ni pale anapofika chooni na kutaka kugeuka. Hakuna ajabu: milango, kona na njia nyembamba ndizo sehemu zinazowagandisha wagonjwa wa Parkinson kote duniani. Mke wake, kwa upendo kabisa, humshika mkono na kumvuta. "Baba, fanya haraka, mvua hiyo." Mzee anavutwa kiwiliwili, miguu inabaki, na mara mbili ameanguka.

Mjukuu wao wa darasa la sita anachukua jivu jikoni na kuchora mistari uani kutoka mlangoni hadi chooni, inayokingama njia kama vipago vya ngazi. Urefu kati ya mstari na mstari ni ule wa hatua ambayo babu yake alikuwa akipiga kabla ya kuugua, au pungufu kidogo. Ndani, penye fremu ya mlango, anabandika vipande vitatu vya solotepu ya rangi kali, kimoja kabla ya kizingiti, kimoja juu yake, kimoja baada yake.

"Babu, usiuangalie mlango. Angalia mstari."

"Nimeuona."

"Haya. Mguu wa kulia. Moja."

Mzee hatembei tena kupita mlangoni. Anavuka mistari mitatu. Kwa ubongo wake hayo ni mambo mawili tofauti: la kwanza ni mazoea, na mazoea yameharibika; la pili ni kazi yenye shabaha, na shabaha anaweza kuilenga. Chooni, mjukuu anamfundisha asigeuke papo hapo kwa kuzungusha kisigino. Anamzungusha kwa mduara mpana, hatua baada ya hatua, kama dereva wa lori lenye tela anavyochukua kona. Kila mtu wa Tunduma ameliona tela likikata kona, kwa hiyo maelezo hayo hayahitaji mtaalamu. Na mke anaombwa jambo moja gumu: anyamaze. Mzee akiganda, amwambie tu asimame wima, apumue, ahamishie uzito wa mwili upande mmoja kisha mwingine, halafu aanze na mguu mmoja kwa kuhesabu.

Usiku jivu halionekani. Ndiyo maana tochi au taa ya sola mlangoni ni sehemu ya tiba kama ulivyo mstari wenyewe, na ndiyo maana ndoo ya haja ndogo chumbani si aibu.

Kinachofanywa na mistari kwa macho, mdundo unakifanya kwa masikio. Wataalamu hutumia metronomu, kifaa kinachogonga kwa kasi isiyobadilika, na siku hizi programu ya kazi hiyo inapatikana bure kwenye simu za kisasa. Asiye na simu ya namna hiyo ana makofi, ana fimbo ya kugongea chini, ana mtu wa kuhesabu. Ana pia nyimbo. Nyanda za juu kusini ni nchi ya kwaya, za Wamoravian na za madhehebu mengine, na karibu kila mzee wa hapa ana wimbo wa kuingilia kanisani ambao miguu yake inaujua tangu utoto. Akiuimba moyoni kwa mwendo wa kutembea, anabeba metronomu yake popote. Ila kasi ichaguliwe kwa uangalifu. Kwa mtu anayeganda, mdundo wa polepole kidogo kuliko mwendo wake wa kawaida ndio unaomfaa. Wimbo wa kasi unaweza kumfanya apige vihatua vya haraka haraka hadi aanguke kifudifudi.

Katika mwaka 2007, utafiti mkubwa zaidi wa aina hii uliofanywa majumbani mwa wagonjwa 153 katika nchi tatu za Ulaya ulionyesha mwendo na usawa wa mwili vikiboreka baada ya wiki 3 za kufundishwa vidokezo vya namna hiyo, lakini pia ulionyesha kwamba faida ilififia wiki kadhaa baada ya mafunzo kukoma. Hili familia ziliweke akilini. Mistari si kidonge cha kumeza mara moja. Ni kama kupalilia, ukiacha magugu yanarudi.

Jambo jingine linalogusa maisha yetu ni salamu. Kwa mgonjwa wa Parkinson, kutembea kumekuwa kazi inayotaka akili yote. Ukimwongezea kazi ya pili, mojawapo itaanguka, na mara nyingi ni mwendo. Sasa fikiria mzee anayepita njia ya kijiji kimojawapo cha Mbozi. Kila anayekutana naye anamwamkia shikamoo, anamuuliza habari za nyumbani, za shamba, za wajukuu, na adabu inataka ajibu yote huku akitembea. Kwa wengine ni furaha ya asubuhi. Kwake ni mtego. Ushauri ni mfupi: asimame kwanza, ajibu salamu kwa utulivu, amalize, ndipo aanze tena safari kwa hatua ya kukusudia. Vivyo hivyo asitembee amebeba chai, wala asitafute funguo mfukoni huku akivuka barabara. Na vijana wanaoongozana naye wasimuulize swali akiwa kwenye kona.

Kuna mbinu zaidi ya hizi. Bas Bloem na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, walizikusanya mwaka 2019 na kuzipanga katika makundi saba: vidokezo vya nje kama mistari na midundo, maagizo ya ndani kama kuhesabu, kubadili jinsi mwili unavyojiweka sawa, kubadili hali ya moyo, kumtazama mwingine akitembea au kujipigia picha akilini, kutembea kwa mtindo mpya, kwa mfano kwa kuinua magoti juu, na kuitumia miguu kwa namna nyingine, kama vile baiskeli. Hiyo ya baiskeli si mzaha. Mwaka 2010 Bloem na mwenzake walieleza habari za mwanamume wa miaka 58 ambaye alikuwa akipiga hatua chache tu na kuanguka, lakini akipandishwa kwenye baiskeli aliendesha na kukata kona bila shida. Sishauri mgonjwa yeyote apande baiskeli kwenye barabara ya malori. Nalitaja ili asikie yule anayesema mtu kama huyo anajifanya.

Hata Ulaya na Marekani elimu hii haijasambaa. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, kati ya watu 4,324 wenye Parkinson na matatizo ya mwendo, asilimia 17 walikuwa hawajawahi kusikia mbinu hata moja. Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba hakuna mbinu inayomfaa kila mtu. Mmoja husaidiwa na mstari, mwingine na wimbo, wa tatu na kutamka "hatua kubwa" kimoyomoyo. Na mbinu inayofaa nyumbani huenda isifae sokoni. Hakuna njia ya kujua ila kujaribu moja baada ya nyingine, pakiwa na mtu wa kudaka.

Nimeacha hofu hadi hapa kwa sababu ndiyo inayoyaharibu yote hayo. Mwaka 2014 watafiti wa Canada waliwavisha wagonjwa miwani ya kompyuta iliyowaonyesha kwamba wanatembea juu ya ubao ulio juu ya shimo refu. Kwa hakika walikuwa sakafuni, salama kabisa. Walioonyeshwa shimo waliganda zaidi kuliko walipoonyeshwa ubao ulio chini. Hofu peke yake ilitosha. Tunduma haihitaji miwani ya kompyuta. Ina lori linalounguruma nyuma yako, ina kondakta anayekupigia kelele uteremke, ina foleni ya watu kwenye kituo cha pamoja cha huduma mpakani, kila mmoja akiwa na haraka yake. Mgonjwa akishaganda mara moja hadharani, huogopa kuganda tena, na hofu hiyo ndiyo inayomgandisha. Baada ya miezi michache haendi sokoni, haendi kanisani wala msikitini, haendi msibani. Na kwetu asiyeonekana misibani huhesabiwa kuwa amejitenga, hata kama miguu ndiyo iliyomtenga.

Kwa hiyo kutuliza moyo ni sehemu ya tiba ya miguu. Kupumua polepole kabla ya kuanza hatua, kutoka asubuhi kabla mji haujachemka, kuvukia mahali pale pale kila siku pamoja na mtu yule yule: haya yanapunguza hofu na kuupa umakini nafasi ya kufanya kazi. Mjini Hong Kong, utafiti wa mwaka 2019 ulilinganisha yoga ya kutuliza mawazo na mazoezi ya kawaida ya kunyoosha viungo, kwa wagonjwa 138. Kwa upande wa mwendo yalikwenda sambamba. Kwa upande wa wasiwasi na sonona, yoga ilishinda waziwazi. Sidhani tunahitaji yoga huku Songwe. Tunahitaji kuelewa kwamba mazoezi yanayogusa moyo yana faida mbili kwa bei ya moja, na kwamba zoezi la kwaya la jioni huenda likawa na faida hizo hizo kama mzee atapewa kiti karibu na mlango na hakuna atakayemcheka.

Sonona yenyewe ni ya kutazamwa kwa jicho lake. Huwapata wagonjwa wengi wa Parkinson, wakati mwingine kabla mkono haujaanza kutetemeka, kwa kuwa ugonjwa unagusa kemikali za hisia pia. Uso wa mgonjwa nao huganda, hauchangamki, kwa hiyo aliye na huzuni na asiye na huzuni wanafanana. Lazima aulizwe. Mwaka 2011 huko New Jersey, Marekani, wagonjwa 80 wenye sonona walishiriki utafiti wa Roseanne Dobkin. Waliopewa tiba ya mazungumzo, inayomfundisha mtu kuzikamata fikra zinazomwangusha na kubadili anachofanya siku hadi siku, walipata nafuu kubwa kuliko wasiopewa. Tiba kama hiyo haidai daktari bingwa peke yake. Nchini Zimbabwe, Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza wenye sonona kwa utaratibu maalumu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukathibitisha kwamba benchi lile lilisaidia. Halikuwekwa kwa ajili ya Parkinson, lakini bibi anayejua kusikiliza anajua kusikiliza.

Nifike kwenye matarajio, mahali ambapo pana utata na ambapo tunagombana bure. Kuna mgonjwa anayerudi kutoka kwa mganga, au kwenye mkesha wa maombi, akiwa anatembea vizuri kwa siku kadhaa. Mwenye kuamini anasema amepona. Asiyeamini anasema alikuwa akiigiza. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver walipiga picha ubongo wa wagonjwa wa Parkinson waliochomwa sindano isiyo na dawa huku wakitarajia kwamba huenda ni dawa. Dopamini iliongezeka kweli ndani ya ubongo wao. Mwaka 2015 Alberto Espay na wenzake wa Marekani waliwapa wagonjwa 12 sindano mbili za maji ya chumvi, wakiwaambia moja inagharimu dola 100 na nyingine dola 1,500. Ile waliyoambiwa ni ghali iliwaboreshea mwendo zaidi.

Naamini hapo ndipo lilipo jibu la wale wanaorudi wakitembea. Nafuu yao ni ya kweli, imetokana na dopamini yao wenyewe iliyosukumwa na tumaini. Lakini seli zinaendelea kufa, na nafuu hiyo haidumu. Inayodumu ni hasara ya ng'ombe aliyeuzwa kumlipa mganga. Matarajio tunaweza kuyatumia bila kumdanganya mtu: muuguzi anayempa mgonjwa levodopa kwa maneno ya uhakika, akamweleza itafanya nini na baada ya muda gani, anampa dawa na tumaini kwa pamoja. Anayemtupia pakiti dirishani bila kumtazama usoni amempunguzia dozi.

Mipaka ya mambo haya isemwe wazi. Mbinu za akili hazizuii ugonjwa kuendelea. Mtu ambaye kumbukumbu imeanza kumpotea hawezi kushika maagizo mengi, na kwake mistari mitatu ni bora kuliko somo la nusu saa. Mwenye kuanguka mara kwa mara anahitaji kwanza kulindwa asivunjike nyonga. Tena si kila kutetemeka ni Parkinson: baadhi ya dawa, kama haloperidoli inayotolewa kwa matatizo ya akili na metoklopramidi ya kuzuia kutapika, zinaweza kuleta dalili zinazofanana, na daktari akizibadilisha dalili hupungua. Kwa hiyo safari ya Vwawa au Mbeya haikwepeki, walau mara moja, ili ugonjwa upewe jina na levodopa ianze. Na wale waliosikia kwamba mbegu za upupu zina levodopa wamesikia kweli, lakini kipimo chake hubadilika kutoka mbegu hadi mbegu. Kujitwangia nyumbani ni hatari.

Nani awafundishe watu? Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache mno kuweza kufika kila kijiji. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa nchini Januari 2024 unawaweka watu waliopata mafunzo katika mitaa na vijiji, na somo la Parkinson lingeweza kuingia katika kazi yao kwa saa chache: kumtambua mgonjwa, kumwelekeza hospitalini, kuchora mistari, kuhesabu, kuifundisha familia kutomvuta. Tangu mwaka 2022 mradi wa utafiti unaoongozwa na Walker unaangalia huduma za Parkinson katika nchi saba za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, na ni haki yetu kuomba kwamba uzoefu wa Hai usibaki Hai. Jambo hili si la upande mmoja wa mpaka pia. Wanyamwanga wako Tunduma na wako Nakonde, wanazikana na kuoana, na mstari wa jivu hauhitaji pasipoti.

Nasi wapita njia tuna letu. Ukimkuta mzee amesimama katikati ya njia pale Sogea au sokoni Mlowo, miguu imeganda na watu wanamsukuma, usimvute mkono wala usimwambie aharakishe. Zuia pikipiki. Simama kando yake, mwamkie, mwache apumue. Kisha muulize huanza na mguu gani, na uhesabu pamoja naye.